Siku Niliyompa Lucy Tangawizi

Mwalimu wa darasa la Kiswahili la Jumamosi hapa Harrow, London, ameniomba niwaandikie nyie vijana habari za kazi yangu. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi nimeishia darasa la saba kule Muheza, na hilo la saba lenyewe nilisukumwa." Akacheka, akasema, "Andika kama unavyoongea, Bi Mwanaidi." Basi ndivyo ninavyofanya. Jioni naandika ukurasa, asubuhi nikiusoma naona hapa nimejisifu, pale nimemwonea mtu, nafuta. Mnachokisoma ni kile kilichobaki baada ya kufuta, na sina hakika kama nimefuta panapostahili.

Kazi yangu ilikuwa kupanda farasi. Si farasi wa mbio, na si wale wanaoruka viunzi. Wangu walikuwa wa dresaji. Mnaingia wawili, wewe na farasi, kwenye kiwanja cha mchanga mbele ya jaji. Farasi anazunguka miduara, anakwenda kwa ubavu, anaongeza mwendo, anapunguza, anasimama tuli kama picha ya ukutani, na wewe juu yake unatakiwa uonekane hufanyi lolote. Jaji anatoa alama kwa kila kitendo, kuanzia sifuri hadi kumi. Mama yangu, Mungu amrehemu, nilipomwonyesha video alisema, "Sasa wewe kazi yako ni ipi? Mbona mnyama anafanya peke yake?" Sijawahi kupata sifa kubwa kuliko ile, na yeye alidhani ananitania.

Nawaambia mapema: humu ndani kuna habari ya mwanangu Rehema, na jinsi alivyoacha kupanda farasi kwa sababu ya uamuzi wangu. Nimejaribu kuandika habari za kazi bila kumtaja, kalamu inagoma. Kwa hiyo nitakwenda mbele na kurudi nyuma, mnivumilie.

Mimi farasi sikuwatafuta. Nilikuja London kumlea Nisha, binti wa Mzee Kanti. Huyu mzee ni Mhindi mzaliwa wa Tanga, alikuwa na duka hapa Harrow, na Kiswahili chake cha dukani hakijazeeka hata leo. Nisha alikuwa akifundishwa kupanda farasi kila Jumamosi kwenye mabanda ya mama mmoja Mwingereza, Bi Margaret, kule nyumba zinakoishia na mashamba kuanza. Kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye uzio nimeshika koti la mtoto. Nyie mmezaliwa huku, baridi mnaijua. Mimi ilikuwa Januari yangu ya kwanza. Nikaona nikiendelea kusimama hivi nitakufa wima. Palikuwa na ufagio umeegemezwa ukutani, nikauchukua, nikaanza kufagia ili damu itembee. Jumamosi iliyofuata nikafagia tena. Baadaye Bi Margaret akaniongezea na toroli la samadi, bila kuniuliza jina.

Kilichonipandisha cheo ni nywele. Farasi wa mashindano husukwa manyoya ya shingoni, yanakuwa vifundo vidogo vidogo vimejipanga. Wale mabinti wa pale walikuwa wanahangaika na sindano, uzi, na matusi, na wakimaliza vifundo vimekaa kama meno ya mtoto. Siku moja nikasema nipisheni. Nimekulia kwenye kibaraza cha nyumba yetu nikisuka vichwa vya mtaa mzima. Shingo ya farasi ni kichwa kirefu tu kisicholalamika. Bi Margaret alipokuja akasimama, akatazama, akauliza, "Nani amefanya hivi?" Nikajua leo nafukuzwa, na wala sijaajiriwa. Akasema, "Kesho saa kumi na mbili asubuhi. Usichelewe."

Haya, hilo lichukueni: kazi mara nyingi inakujia kwa mlango wa kitu ambacho wewe hukuhesabu kuwa ni ujuzi. Ingawa sijui. Pengine ilinijia kwa sababu wasukaji wengine walikuwa wabovu.

Bi Margaret hakuwa mpole, na hakuwa mkatili. Nimeandika mara nyingi kwamba alikuwa mkatili, nikafuta. Alipoamua kunifundisha kupanda, msimu mzima wa baridi alinipandisha farasi bila vikuku vya kutilia miguu, ili makalio yajifunze kukaa. Kisha akafanya jambo ambalo sijaona mwalimu mwingine akilifanya. Alitoa hatamu za ngozi, akafunga uzi wa kushonea kutoka mkononi mwangu hadi kwenye lijamu mdomoni mwa farasi. Uzi ule ule wa kushonea vifungo.

"Ukikatika, unashuka," akasema. "Unakwenda kusafisha mabanda."

Ukikatika maana yake umevuta. Nyuzi nilizokata zingetosha kushona kanzu, na mabanda yale hayajawahi kuwa safi kama msimu ule. Lakini siku moja uzi haukukatika. Nilimsimamisha farasi kwa kunyoosha mgongo na kushusha pumzi tu, vidole sikuvisogeza. Nikageuka nimwone Bi Margaret atasema nini. Akasema, "Visigino chini."

Nyie wa sasa mna vifaa. Mwalimu anakaa kwenye kiti, anamnong'oneza mwanafunzi kwenye spika ya sikioni, "punguza, punguza, vizuri." Sisi tulipigiwa kelele dhidi ya upepo, na nusu ya nilichojifunza nilikisikia vibaya. Kofia pia zimebadilika. Zamani wapandaji wakubwa walivaa kofia ndefu nyeusi za hariri, unaonekana kama bwana harusi. Sasa ni kofia ngumu. Wako wanaosema urembo umepotea. Mimi nimeanguka mara za kutosha, sina hamu na urembo.

Herufi nazo zilinitesa. Kiwanja cha dresaji kimezungushiwa herufi, na hazifuati alfabeti: A, K, E, H, C, M, B, F. Wenyewe Waingereza hawajui ni kwa nini. Nikajitungia: Asha Kala Embe, Halima Chungwa, Maua Bado Fenesi. Wanafunzi wangu wote, weupe kwa weusi, niliwafundisha hivyo. Ukipita pembeni ya kiwanja siku ya mashindano unasikia mtoto wa Kizungu anajisemea "Maua bado, Maua bado," basi ujue huyo ametoka kwangu.

Na kosa langu la shindano la kwanza ni hili. Ndani ya kiwanja ni marufuku kuongea na farasi. Ukitoa sauti, jaji anakukata alama. Mimi nimeingia pale A, nikapiga bismillah kwa sauti nzuri tu, na kila tulipofika kwenye jambo gumu nikawa namwambia farasi, "Haya twende baba, taratibu baba." Baada ya shindano jaji akaniita, mama mmoja mstaarabu sana. Akaniuliza nilikuwa nasema nini. Nikamwambia mwanzoni nilikuwa naomba dua. Akafikiri, akasema, "Dua imalize nje, kabla ya A." Nikauliza, "Na huku kwingine?" Akasema, "Huku kwingine nako ilikuwa dua?" Alikata alama, na alikuwa sahihi.

Maisha ya kila siku yalikuwa hivi. Unaamka kabla ya adhana ya simu. Unalisha, unatoa samadi, unavunja barafu kwenye ndoo za maji. Farasi wa kwanza unampanda bado giza halijaisha vizuri, na unapanda mmoja baada ya mwingine mpaka mchana, wote wa watu. Farasi unayempanda si wako. Unamfundisha miaka, unamjua mpaka kikohozi, kisha mwenyewe anamuuza au anampa bintiye. Jioni unarudi na treni unanuka. Mvua ikiwa imenyesha nilikuwa napata siti tatu peke yangu, watu wanahamia kule mwisho wa behewa kwa adabu. Mume wangu Salim, baba Rehema, alikuwa dereva wa basi wa zamu za usiku. Mimi natoka, yeye anaingia. Mtoto wa watu wa namna hiyo analelewa wapi? Alilelewa bandani. Alilala kwenye chumba cha chakula cha farasi, juu ya blanketi la farasi, na alipoanza shule alikuwa anaandika homework juu ya gunia la pumba.

Rehema alikuwa na miaka saba pale Mzee Kanti alipomnunulia Nisha farasi mdogo, mwekundu wa kahawia kama kiungo. Mzee akamwita Tangawizi. Bi Margaret jina lilimshinda, akasema tu "Tanga", na Mzee Kanti akafurahi zaidi: "Umeona Mwanaidi? Hata Mzungu anakumbuka nyumbani."

Nisha akaenda chuo, akaachana na farasi. Tangawizi akabaki mikononi mwangu nimfundishe. Ila nikiwa mkweli, mimi nilimfundisha mchana, na Rehema alimlea. Akitoka shule anapitia bandani kwake kabla ya kuja kunisalimia mimi. Alikuwa anamsimulia mambo ya shuleni. Kwangu alijibu kwa Kiingereza, hata nikimuuliza kwa Kiswahili, kama nyie mnavyowajibu mama zenu, msijifanye. Kwa Tangawizi alikuwa anachanganya zote mbili, na Kiswahili chake kule kilikuwa kizuri, nilikuwa nasimama nje ya banda nakisikiliza.

Farasi yule aliinuka. Nilishindana naye misimu kadhaa, tukapanda madaraja, mpaka nyonga yangu ya kulia ilipogoma. Daktari akasema basi. Tangawizi alikuwa na miaka kumi na mitatu, ndiyo kwanza anaiva, na palikuwa na shindano kubwa la vijana mbele yetu. Akahitajika mpandaji mwingine.

Mzee Kanti akaja bandani na fimbo yake. "Mpe Rehema," akasema. "Mtoto ana miaka kumi na saba, anaweza."

"Mzee, na Lucy naye yupo."

"Lucy nani?"

Lucy alikuwa binti wa dereva wa lori, rika moja na Rehema. Alikuwa anakuja kwa baiskeli alfajiri, mvua inyeshe isinyeshe, anafanya kazi, kisha anapewa farasi wowote waliochoka apande. Hakuwahi kuwa na farasi mzuri. Mkono wake ulikuwa sahihi mno. Ukimwambia duara la mita ishirini, anakupa mita ishirini. Sitaki mumchukie Lucy mnaposoma haya. Hakuomba. Alikuwa anastahili kufikiriwa, na hilo mpaka leo silifuti.

Mzee akasema, "Farasi ni wangu, lakini macho ni yako. Chagua. Ila mimi nimeshakwambia."

Hapa ndipo nilipojaribu kutenda haki. Nilijua wale wa bandani watasemaje nikimpa mwanangu. Nilijua na wa kwetu watasemaje. Zaidi ya yote nilikuwa sijiamini: ninapomwangalia Rehema akipanda, naona mpandaji au naona mtoto wangu? Basi nikamwita jaji wa nje, mama asiyewajua wote wawili. Nikawaambia wasichana kila mmoja atapanda Tangawizi, vitendo vile vile, Lucy Jumamosi na Rehema Jumapili, ili farasi asichoke. Nyumbani wiki ile sikumfundisha Rehema lolote. Akiniuliza, "Mama, kwenye kona nifanye nini?" namjibu, "Siwezi kukwambia, si haki kwa Lucy." Akala chakula chake, akaenda kulala.

Lucy alipanda vizuri sana. Kila kitu mahali pake, kila herufi. Tangawizi alifanya alichoambiwa, masikio yamelala kidogo nyuma, kama mtumishi mwaminifu.

Rehema alikosea. Kona moja aliikata, na mchakamchaka ulichelewa kuanza pale H. Lakini farasi alikuwa mwingine. Masikio mbele, mgongo umeinuka, mdomo unatoa povu jepesi, na pale anapotakiwa kupiga mchakamchaka papo hapo bila kusonga, jambo ambalo kwangu mimi alilifanya kwa jasho, kwa Rehema alilifanya kama anayecheka. Jaji aliweka kalamu chini.

Alipojumlisha, wamelingana karibu kabisa. Lucy amepata kwa usahihi, Rehema amepata kwa maelewano na farasi. Maana kuna alama hiyo ya mwisho, ya jinsi wawili wanavyoelewana. Jaji akaniambia, "Mimi nimeishia hapa. Wewe unamjua farasi. Amua."

Nikafikiri hivi, nisikilizeni vizuri maana nimelifikiri jambo hili miaka. Nikasema moyoni: yale maelewano si ujuzi wa Rehema. Ni mapenzi ya farasi. Farasi amemfichia makosa yake kwa sababu amemlisha karoti toka utotoni. Lucy hakupata nafasi hiyo, kwa hiyo si haki kuihesabu. Nikiyaondoa mapenzi ya farasi, nani ni mpandaji bora? Lucy.

Nikawaita wote wawili. Nikasema, "Lucy ndiye atakayempanda Tangawizi."

Lucy alilia. Rehema akamkumbatia, akampongeza, kwa moyo kabisa, niliona. Kisha akamvua Tangawizi tandiko, akaosha lijamu kwa maji ya moto, akalitundika. Nikamfuata. Nikataka kumweleza habari ya alama na karoti.

"Nimeelewa, Mama," akasema kwa Kiingereza chake. "Ni haki."

"Umepanda vizuri sana, mwanangu."

"Kama nisingekuwa mwanao ungefanyaje?"

"Ningefanya hivi hivi."

Akanitazama. Akasema, "Hapana. Kama nisingekuwa mwanao, ungenipa mimi."

Akachukua baiskeli yake, akaenda zake.

Mzee Kanti nilimpigia simu mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanaidi, una akili au una kichwa tu? Farasi anamtaka mtoto, mtoto anamtaka farasi, wewe umesimama katikati unapuliza filimbi kama trafiki!"

"Mzee, ulisema macho ni yangu."

"Ndiyo, nilikuwa mjinga. Macho yako yana kengeza." Lakini hakuvunja neno lake. Lucy akampanda Tangawizi.

Na Lucy alifanya vizuri. Lazima niliseme hilo. Walipata nafasi nzuri kwenye shindano lile, na leo Lucy ana mabanda yake, ana wanafunzi, anaishi kwa kazi hii. Kama ningemnyima, pengine angekuwa kwenye lori na baba yake. Kila ninapojilaumu namkumbuka Lucy, halafu naona kujilaumu ni kama kumnyang'anya yeye kitu.

Bi Margaret alikuwa ameshazeeka, anaketi tu kwenye kiti chake jikoni. Nilikwenda kumweleza, nikitegemea ataniunga mkono, yeye wa uzi na visigino. Nikamweleza nilivyoyatoa mapenzi ya farasi kwenye hesabu. Alikuwa anakoroga chai. Akaacha.

"Ida," akasema, ndivyo alivyoniita, "sasa wewe ulifikiri ile alama ya mwisho ni ya nini?"

Nilikunywa chai, nikaondoka. Nilikuwa nimefanya kazi hii zaidi ya nusu ya maisha yangu. Kila farasi niliyempanda nilikuwa natafuta kitu kimoja, asogee kwa sababu anataka. Uzi wote ule nilioukata ulikuwa wa kutafuta hicho. Mwanangu akaniletea mbele ya macho, nikamkatia alama kwa sababu alikipata kwa karoti. Sijui watu wengine wanakipata kwa kitu gani.

Lakini pia narudi nyuma, nasema: na kama ningempa, kisha wakashindwa, si ningesema nilipendelea? Mambo haya yanazunguka. Nimeandika kurasa nyingi juu ya hili, hamtaziona.

Rehema aliacha. Hakugombana, hakununa. Akasomea uuguzi, sasa ni sista hospitalini, anaishi Woolwich. Ni muuguzi mzuri, wagonjwa wanamletea chokoleti. Anakuja kwangu mara kwa mara, ananibebea samaki na ndizi za kupika kutoka sokoni kwao, anaangalia dawa zangu, ananipimia presha. Tunaongea kila kitu: ndugu, bei ya kodi, nani ameolewa. Farasi hatuongei. Wakionyeshwa kwenye TV anainuka kwenda kuchemsha chai. Baba yake alipokuwa hai alinambia, "Mwache, amekua, amebadilika tu." Nami nikaamini kwamba mwanangu hapendi tena farasi. Nilihesabu hiyo ndiyo hasara yangu, nikaizoea.

Tangawizi sasa ni mzee sana. Mzee Kanti alimwachia Lucy amtunze, na Lucy amemweka shambani kwake, mbali kule basi linakoishia, anakula majani tu. Mimi nilikuwa siendi. Nyonga, na mengine.

Mwezi uliopita Lucy alinipigia, tukasalimiana, akasema, "Ida, mwambie Rehema amesahau glavu zake hapa."

"Rehema gani?"

"Rehema wako."

Nikadhani amekosea. Nikamwambia Rehema hapandi farasi, aliacha zamani, wewe mwenyewe unajua.

"Lo," akasema Lucy. "Nisamehe. Nilidhani siku hizi unajua. Anakuja akitoka zamu za usiku. Anakuja tangu zamani, Ida. Tangu mwanzo. Aliniomba nisikwambie."

"Tangu mwanzo lini?"

"Tangu mwaka ule ule. Alikuwa anangoja uondoke bandani."

Kumbe hakuwaacha farasi. Aliacha kupanda mahali ambapo mimi naangalia.

Nilimuuliza Lucy siku anazokuja. Hakutaka kusema, kisha akasema. Wiki iliyopita nikapanda basi mpaka kituo cha mwisho, nikatembea pole pole na fimbo kando ya ua wa miti, mpaka penye mwanya. Nikatazama.

Alikuwa juu ya Tangawizi bila tandiko, na koti lake la kazini, nywele amezifunga ovyo. Hatamu zimelala shingoni mwa farasi, hata hazishiki. Yule mzee mgongo umebonyea, manyoya ya usoni yamekuwa meupe, magoti yamevimba. Walikuwa wanatembea tu kwenye majani yenye umande. Rehema alikuwa anamsimulia kitu. Sikusikia maneno, nilisikia sauti tu, ile ya bandani. Kisha sijui alifanya nini, sikuona mguu ukisogea wala mkono. Tangawizi akainua shingo, akaanza kwenda kwa ubavu, miguu inapishana, taratibu, kama anakumbuka. Hatua chache. Rehema akalala shingoni kwake, akampiga piga.

Na mimi, wanangu, nikajikuta nasema kimoyomoyo: bega la kushoto limeshuka. Kisigino kimepanda. Saba. Hapana, saba na nusu.

Mwanangu ametoka usiku kucha kugeuza wagonjwa, amepanda mabasi mangapi sijui, yuko na mnyama wake, na mama yake amejificha mitini anampa alama.

Ningeweza kuita. Labda angefurahi. Labda angeshuka, akasema "Mama!", tukalia wote, mambo yakaisha. Na labda ingekuwa ndiyo siku ya mwisho kwake kwenda pale. Kazini nilifundishwa kwamba usipojua, mikono yako itulie. Nikageuka, nikarudi kituoni nikichagua pa kukanyaga ili vijiti visilie.

Jioni akanipigia simu kama kawaida yake.

"Umeshindaje, Mama?"

"Salama. Sikutoka leo, nyonga inauma. Wewe je?"

"Mimi nimelala tu mchana kutwa. Zamu ilikuwa nzito."

"Pole, mwanangu. Umepumzika lakini?"

"Sana," akasema.

Nikamwambia basi vizuri, na ale kabla hajalala.